Ndege anayeitwa kwa mluzi: elimu ya asali ambayo pori la Katanga linaweza kuipoteza

LUBUMBASHI – Katika komini ya Lubumbashi, katikati ya mji ambako kuna maofisi, benki na maduka makubwa, asali ya pori inauzwa ndani ya chupa zilizokwisha kutumika: za maji, za wiski, za mafuta ya kupikia. Muuzaji anatembea nazo mkononi ao ndani ya beseni kichwani. Mnunuzi anafungua kizibo, ananusa, anageuza chupa ili aone kama asali inashuka polepole, kisha anauliza kama haikuchanganywa na sukari. Wengine wanachovya kijiti cha kiberiti na kujaribu kukiwasha, wakiamini kwamba asali safi haizuii moto. Baadaye wanabishana juu ya bei. Mara chache sana mtu anauliza asali hiyo ilipatikana namna gani.

Swali hilo lina jibu la ajabu. Katika mapori mengi ya Afrika, kuanzia kaskazini mwa Kenya mpaka Msumbiji, mtu anayetaka asali haanzi kwa kutafuta nyuki. Anaanza kwa kuita ndege. Anapiga mluzi, ao anatoa sauti fulani aliyojifunza kwa baba yake, na ndege wa pori ambaye hakuna mtu aliyemfuga anakuja, anatangulia mbele, anamwongoza mpaka chini ya mti wenye nyuki. Mtu anachukua asali. Ndege anabaki na nta.

Wanasayansi wanamwita Indicator indicator, na watu wa pwani wanamwita kiongozi ao mlembe. Anaishi pia huku kwetu, katika pori la miombo la kusini mashariki mwa Kongo, pori lile lile linalouzunguka mji wa Lubumbashi na kuulisha makala, uyoga na vinkubala. Si ndege wa kuvuta macho. Urefu wake ni karibu sentimeta 20, uzito wake karibu gramu 50, rangi yake ni kijivu na kahawia. Dume ana koo jeusi na mdomo wa rangi ya waridi, na akiruka, manyoya meupe ya pembeni mwa mkia yanaonekana wazi. Mtu anaweza kumpita mara mia bila kumjua. Kinachomtambulisha ni kelele yake: mlio mkavu, wa haraka, kama mtu anayetikisa kiberiti kilichojaa vijiti.

Sauti ya uongo na sauti ya kweli

Kuita ndege si jambo geni kwa wawindaji wa dunia. Huko Marekani, kuwinda dindon wa pori, yule ambaye Kiswahili cha vitabu kinamwita bata mzinga, kunategemea sauti kuliko bunduki. Wakati wa kupandana, dume anapiga kelele asubuhi na mapema akiwa bado juu ya mti, na majike wanamfuata. Mwindaji anageuza mambo. Anakaa chini, mgongo kwenye shina la mti, amevaa nguo za rangi ya majani, na anaiga sauti ya jike ili dume ndiye amfuate. Kuna wanaotumia kisanduku cha mbao ambacho kifuniko chake kinasuguliwa juu ya ukingo. Henry Gibson wa jimbo la Arkansas alipata hati ya uvumbuzi wa kisanduku cha namna hiyo mwaka wa 1897. Wengine wanakwaruza jiwe laini kwa kijiti, wengine wanaweka kipande chembamba cha mpira ndani ya kinywa. Njia ya zamani kuliko zote hizo ni mfupa wa bawa la dindon mwenyewe, unaovutwa kwa midomo mpaka utoe sauti. Na wazee wa kazi hiyo wanafundisha jambo moja kwanza: usiite sana. Dindon anayesikia jike asiyenyamaza anaanza kushuku.

Hata kanga wa huku kwetu wana tabia ya namna hiyo. Kundi la kanga likitawanyika kwa woga, kila mmoja anaita ili wenzake wajue alipo, mpaka kundi lijikusanye tena. Sauti ya silabi mbili, inayopanda mwishoni, ni ya jike. Anayejua kuiiga vizuri anaweza kuwavuta karibu.

Lakini kwa dindon na kwa kanga, sauti ya mwindaji ni uongo. Ndege anakuja kwa sababu amedanganywa, na akifika anauawa. Kwa ndege wa asali mambo ni tofauti kabisa: yeye anajua kwamba anayeita ni mtu, na anakuja kwa sababu hiyo hiyo. Mluzi unamwambia kwamba hapa kuna mtu mwenye shoka na moto, aliye tayari kufanya kazi.

Ndege anahitaji mtu kwa sababu nguvu zake ni ndogo. Anakula nta, chakula ambacho wanyama wachache sana wenye uti wa mgongo wanaweza kukisaga tumboni, na anakula pia mabuu ya nyuki. Anajua viota vya nyuki viko wapi. Lakini nyuki wa Afrika ni wakali na wanaweza kumuua, na kiota mara nyingi kiko ndani ya tundu la mti ambamo mdomo wake hauwezi kufika. Mtu naye ana moto wa kuwafukiza nyuki. Moshi unaficha harufu ambayo nyuki wanatumia kuitana vitani, na pia unawafanya wajaze matumbo asali kana kwamba wanajitayarisha kuhama. Nyuki aliyeshiba hana hamu kubwa ya kuuma. Mtu ana shoka pia. Kile asichokuwa nacho ni habari ya mahali pa kukata.

Kusoma njia ya ndege

Habari hii imeandikwa tangu zamani. Mmisionari Mreno João dos Santos, aliyeishi Sofala, katika Msumbiji ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1500, alishangaa kuona ndege wadogo wakiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa. Aliandika pia kwamba ndege hao wanawapeleka watu kwenye asali. Kwa muda mrefu baadhi ya wasomi wa Ulaya waliona maneno hayo kuwa hadithi tu.

Aliyewapa jibu ni mwanasayansi wa Kenya, Hussein Isack. Pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, alifuata watafuta asali wa kabila la Boran kaskazini mwa Kenya kwa miaka kadhaa, na mwaka wa 1989 matokeo yao yalitoka katika gazeti la kisayansi la Science. Waboran wana mluzi wa pekee wanaouita fuulido. Wanaupiga kwa kupuliza ndani ya mikono iliyokunjwa pamoja, ao ndani ya ganda la konokono, ao ndani ya kokwa ya mkoma iliyotobolewa. Unasikika kwa zaidi ya kilomita moja. Bila ndege, walihitaji kwa wastani karibu masaa 9 ili kupata kiota cha nyuki katika sehemu wasiyoijua. Wakiwa na ndege, masaa 3 na kidogo.

Jambo kubwa zaidi ni namna Waboran walivyosoma mwendo wa ndege. Waliwaambia watafiti kwamba ndege anaonyesha mambo matatu: upande wa kwenda, umbali uliobaki, na kwamba wamefika. Upande unajulikana kwa njia anayoruka mara ya kwanza. Umbali unajulikana kwa muda anaopotea machoni kabla ya kurudi, kwa urefu wa safari kutoka mti mmoja mpaka mwingine, na kwa kimo cha tawi analotua: kadiri wanavyokaribia, anaruka kifupi na kutua chini zaidi. Wakifika, mlio wake unabadilika, unakuwa mpole, na ndege anakaa karibu bila kuendelea mbele. Watafiti walipima mambo hayo kwa vipimo vyao na kuona kwamba Waboran walikuwa wanasema kweli. Waliona pia kwamba kati ya viota 100, ndege angeweza kufikia chakula katika 4 hivi tu kama mtu hakuvifungua kwanza.

Wakati wa safari, mtu naye hanyamazi. Anazungumza na ndege kwa sauti kubwa, anapiga mluzi tena, anagonga mashina kwa shoka, ili ndege ajue kwamba bado anafuatwa. Ukinyamaza mno, ndege anarudi kukutafuta, ao anakata tamaa.

Kila pori na lugha yake

Kusini zaidi, katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji karibu na mpaka wa Tanzania, Wayao hawapigi mluzi. Wanatoa mtetemo mrefu wa ulimi, brrr, kisha mguno mfupi kifuani, hm. Mwanabiolojia Claire Spottiswoode na wenzake walitaka kujua kama sauti hiyo ina maana kwa ndege, ao kama kelele yoyote ya mtu inatosha. Walitembea porini na watafuta asali wakiwa na kipaza sauti kilichotoa sauti zilizorekodiwa: mara mwito wa Wayao, mara maneno ya kawaida ya mtu, mara mlio wa njiwa. Matokeo yao yalitoka mwaka wa 2016. Mwito wa Wayao ulipandisha uwezekano wa kupata ndege wa kuwaongoza kutoka karibu 33 kwa mia mpaka 66 kwa mia. Na uwezekano wa safari nzima kuishia kwenye kiota cha nyuki ulipanda kutoka karibu 17 kwa mia mpaka 54.

Basi ndege alikuwa anaelewa. Swali lililofuata lilikuwa kama ndege wote wanaelewa sauti moja. Kaskazini mwa Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, Wahadza, watu zaidi kidogo ya elfu moja ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kuchuma, wanamwita ndege huyo huyo kwa mluzi wa wimbo, unaopanda na kushuka. Spottiswoode aliungana na Brian Wood, Mmarekani ambaye amefanya kazi na Wahadza kwa miaka mingi, na wakabadilisha sauti: walipiga mwito wa Wayao katika pori la Wahadza, na mluzi wa Wahadza katika pori la Wayao. Matokeo yalichapishwa Desemba 2023. Katika Tanzania, ndege waliitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa wageni. Katika Niassa, waliitikia mwito wa Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Wahadza.

Ni mambo ya kustaajabisha, hasa ukijua namna ndege huyo anavyolelewa. Mama yake hamlei. Anataga ndani ya kiota cha ndege wengine, kwa mfano kerem, wanaochimba matundu yao ardhini, na anayatoboa mayai anayoyakuta humo. Kinda anazaliwa na ndoano kali mdomoni. Akikuta makinda wengine ndani ya giza la tundu, anawauma mpaka wafe. Jambo hilo lilirekodiwa kwa kamera huko Choma, kusini mwa Zambia, na kutangazwa mwaka wa 2011. Ndege anayeanza maisha kwa namna hiyo hawezi kufundishwa na mama yake maana ya mluzi wa watu. Hamu ya kuongoza anazaliwa nayo, lakini lugha ya watu wa sehemu yake anajifunza mwenyewe, akikua kati yao.

Watafiti wanafikiri kwamba hata sura ya mwito ina sababu yake. Wahadza wanawinda wanyama kwa mishale wakiwa safarini, na mluzi unaofanana na wa ndege hauwafukuzi wanyama. Wayao wanaokwenda kwa asali hawana sababu ya kujificha. Kwao sauti kubwa ya mtu ni faida, kwa sababu inawaambia tembo na wanyama wengine wa hatari wakae mbali.

Malipo

Desturi za kumlipa ndege zinatofautiana. Wayao wanakusanya masega yenye nta na kuyaweka wazi juu ya majani mabichi, kama sahani ya mgeni. Wahadza mara nyingi wanafanya kinyume: wanazika nta, wanaificha ao wanaichoma, wakisema ndege akishiba ataacha kazi, akiwa na njaa ataongoza tena. Brian Wood na wenzake walihesabu mwaka wa 2014 kwamba ndege huyo anawasaidia Wahadza kupata sehemu ya 8 mpaka 10 kwa mia ya chakula chao chote, hata kwa malipo hayo ya ubahili.

Sehemu nyingi za Afrika zina hadithi ya onyo: ukimnyima ndege sehemu yake, siku nyingine atakupeleka kwa chui ao kwa nyoka mkubwa. Kuna pia hadithi kwamba anamwongoza nyegere kama anavyomwongoza mtu. Watafiti waliwauliza karibu watafuta asali 400 katika nchi mbalimbali za Afrika juu ya jambo hilo. Wengi, karibu 80 kwa mia, walisema hawajaliona kamwe, lakini katika jamii tatu za Tanzania wengi walisema wameliona kwa macho yao. Mabishano hayo hayajaisha.

Nani atamjibu ndege?

Tayari mwaka wa 1955, Mmarekani Herbert Friedmann aliandika katika kitabu chake juu ya ndege hawa kwamba karibu na miji na mashamba makubwa, tabia ya kuongoza inapungua. Sababu si kwamba ndege wamekufa. Watu wameacha kuwafuata. Sukari ya dukani ni rahisi, watoto wako masomo, vijana wametafuta kazi za mshahara. Ndege anapiga kelele, hakuna anayemjibu, na baada ya muda anajitafutia wadudu na nta popote anapoweza. Katika pwani ya Kenya, kwa Waaweer wa msitu wa Boni karibu na Lamu, ambao zamani walisifika kwa kazi hii, desturi hiyo imepungua sana. Na kwa kuwa kila sehemu ina mwito wake, mwito ukisahauliwa hauwezi kuagizwa kutoka sehemu nyingine: ndege wa hapa hawaujui.

Kwa Lubumbashi kuna mzigo mwingine juu ya huo, nao unaonekana kila asubuhi barabarani. Baiskeli, pikipiki na malori yanaingia mjini kutoka barabara ya Kasenga, ya Likasi na ya Kasumbalesa yakiwa na magunia ya makala. Jamaa nyingi mjini zinapika kwa makala, na umeme unaokatika kila mara hauzipi njia nyingine. Makala yanatengenezwa kwa miti mikubwa ya miombo, na miti mikubwa ndiyo yenye matundu ambamo nyuki wanakaa na maua ambayo wanakula. Halafu ilikuja biashara ya mukula, mti mwekundu uliokatwa kwa wingi Katanga na Zambia na kupelekwa Asia, mpaka mwaka wa 2019 nchi za mkataba wa CITES zikakubaliana kuisimamia. Pori ambalo mtu alilifikia kwa mguu kutoka vitongoji vya mji sasa liko mbali, na mtafuta asali anafuata pori hilo kila mwaka kidogo zaidi.

Asali yenyewe inaweza kuharibu pia. Mtu mwenye haraka anakata mti mzima ili apate bidoni moja, na mti huo ulihitaji miaka mingi sana ili upate tundu. Wahadza wanapanda: wanachonga vigingi vya mbao, wanavipigilia kwenye shina la mbuyu mmoja juu ya mwingine, wanakwenda nao mpaka juu, na mti unabaki kwa nyuki wa mwaka ujao. Hatari ni kubwa, watu wanaanguka, lakini mbuyu ule ule unatumiwa kwa vizazi.

Njia nyingine ni mizinga. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini magharibi mwa Zambia, Walunda na Waluvale wanatundika mizinga ya maganda ya miti na asali yao inauzwa mpaka nchi za nje. Njia hiyo nayo ina bei yake, kwa sababu mti unaochunwa ganda lote unakufa; ndiyo maana wanaofundisha ufugaji wa nyuki siku hizi wanapendelea mizinga ya mbao, ambayo inadumu miaka na haiui mti. Mwenye mizinga hahitaji ndege wa kumwonyesha njia. Ndege, hata hivyo, anajua mizinga iko wapi. Anakuja na kukaa kwenye tawi la karibu, anangoja siku ya kuvuna, na mzinga ambao nyuki wameuhama anauingia mwenyewe na kula nta iliyobaki.

Mwezi wa 9 na wa 10, kabla ya mvua, miombo inatoa majani mapya mekundu na nyuki wanaanza kazi kubwa. Ni wakati ambapo mtu anayetembea pembeni mwa pori, mbali kidogo na barabara, anaweza kusikia mlio ule wa kiberiti kinachotikiswa juu ya kichwa chake. Ndege akiruka mti mmoja, akirudi, akipiga kelele tena na kuonyesha mkia wake mweupe, anaomba kufuatwa. Anayetaka kumfuata ajitayarishe kwa moto, kwa shoka na kwa mwendo wa saa moja ao zaidi, na aende na mtu anayejua nyuki.